Mnaoanza kuigiza, someni kazi ya Barbara Stanwyck, picha zake ziacheni

Wanangu, juzi nimetoka seti na hasira ambazo hata chai ya tangawizi haikuzituliza. Kijana kapewa sini tatu tu, yaani matukio matatu ya filamu, kaja hajui hata moja. Binti anayecheza naye, mgeni kabisa wa kamera, anasubiri ajibiwe, na mwenzake yuko kwenye simu anajipiga picha na meikapu ya jeraha. Nikamuuliza: sini iliyotangulia hii, huyo mhusika wako iliishaje kwake? Akanijibu kwa tabasamu zuri tu, "Mama, hiyo sini mimi simo."

Simo! Haya.

Kila mnaponiomba niwatajie mtu wa kujifunza kwake, mnategemea nitaje hao mnaobandika picha zao kwenye kurasa zenu. Mimi nawatajia mwigizaji wa filamu, Mmarekani aliyefariki Januari 1990, wakati baadhi yenu hata wazazi wenu hawajajuana: Barbara Stanwyck. Na najua mtakachofanya. Mtamtafuta, mtaona picha nyeusi na nyeupe za mama mwenye nywele zilizotengenezwa, mtasema "huyu wa zamani," basi. Ndiyo maana nimekaa naandika. Namba nimeziweka ili msipotee, maana mnanijua nikianza kuongea.

1. Shida zako tunazijua, lakini hazitaigiza badala yako

Wapo wanaokuja na historia ya maisha kabla hawajaja na mistari. Nimelelewa na bibi, sikusoma chuo cha sanaa, nauli sina. Pole, na nauli tutachanga. Lakini sikilizeni ya huyu mama. Alizaliwa Brooklyn, New York, Julai 16, 1907, kwa jina la Ruby Stevens, kitinda mimba wa watoto watano. Alikuwa na miaka 4 mama yake alipofariki baada ya mlevi kumsukuma akaanguka kutoka kwenye tramu. Haukupita muda, baba akaenda kufanya kazi kwenye ujenzi wa mfereji wa Panama, ikawa ndiyo kwaheri. Mtoto akalelewa na dada yake na kwenye nyumba za watu, leo hapa kesho pale. Shule aliiacha na miaka 14, akafunga mizigo dukani, akafanya kazi kampuni ya simu, na kabla hajatimiza miaka 18 tayari alikuwa anacheza dansi kwenye maonesho ya usiku.

Mwaka 1926 akapata nafasi kwenye tamthilia ya jukwaani, *The Noose*. Nafasi yenyewe ilikuwa ya mcheza dansi, yenye maneno ya kuhesabika. Mwandishi na mwongozaji wake, Willard Mack, akaona binti ana kitu, akaiongeza ile nafasi, akamfundisha kutembea, kuingia, kutoka, kunyamaza. Jina la Barbara Stanwyck lilizaliwa hapo. Angalieni mpangilio: alifundishika kwanza, jina likaja baadaye. Nyie jina la kisanii mnalo tangu kidato cha pili.

2. Skripti ni yote, siyo kurasa zako

Stanwyck alikuwa anakariri skripti nzima, na sehemu za wenzake humo humo. Siyo kwa sifa. Mnajua wenyewe kwamba hatupigi kwa mfululizo: asubuhi tunapiga msiba, mchana tunapiga harusi ya marehemu huyo huyo, kwa sababu nyumba imekodiwa kwa siku moja. Mtu aliyesoma kurasa zake tu hajui analia kwa mara ya kwanza au ya tatu, wala hajui kama anayemgombeza amekwisha kumsaliti au bado.

Sini usiyokuwemo ndiyo inayosema watu wanakuonaje ukiwa haupo. Ukiiruka hiyo, unamwigiza mtu usiyemjua.

Soma kwa penseli. Kontinuiti, yaani kukumbuka ni mkono gani ulioshika kikombe ili shoti zifanane, ni kazi yako pia, usimwachie yule dada mwenye daftari.

3. Teki ya kwanza, na odishoni mnazoziharibu kwa mdomo

Frank Capra, yule mwongozaji, alisimulia jinsi walivyokutana. Stanwyck alikuwa amekuja Hollywood mwaka 1929, filamu zake za mwanzo hazikwenda popote, majaribio ya kamera yamemchosha, akaingia ofisini kwa Capra amenuna. Akajibu maswali kwa mkato, akaondoka kwa hasira. Capra akamwambia bosi wa studio ya Columbia, Harry Cohn, amsahau huyo. Kilichomwokoa ni mume wake wa wakati ule, Frank Fay, aliyempigia Capra simu na kumbana atazame kipande cha majaribio alichopiga zamani cha *The Noose*. Capra akatazama, akalainika kabisa. Ndipo ikaja *Ladies of Leisure*, mwaka 1930, na ngazi ikaanza kupandika.

Sasa kuna mwenzenu amesoma kisa hicho akaniambia, "Unaona mama, hata yeye alinuna!" Mwanangu, yeye alikuwa na kipande cha filamu kilichomsemea. Wewe una nini? Ukiingia odishoni, salimia watu, taja jina, cheza, shukuru, toka.

Capra aligundua kitu kingine wakishaanza kazi: Stanwyck alitoa kila kitu kwenye teki ya kwanza, mara ya kwanza kabisa sini inapopigwa. Akirudia, moto unapungua. Kwa hiyo mzee akabadili utaratibu wa seti nzima. Akawafanyisha wengine mazoezi bila yeye, akaweka kamera zaidi ya moja, kisha akamwingiza. Mafundi taa walinung'unika, kwa sababu kumulika kwa kamera nyingi ni tabu, lakini kilichopatikana kilipatikana.

Msikimbilie kujiita "mimi ni mtu wa teki ya kwanza." Sisi huku kamera ni moja na bajeti mnaijua. Mnachotakiwa kuchukua hapo ni kujijua. Kama machozi yako ni ya mara moja, mwambie mwongozaji kabla, aanze na klozapu yako, ile picha ya uso kwa karibu, shoti pana ifuate. Usiyamwage kwenye mazoezi ili wapika chai wakupigie makofi.

4. Klozapu yako ikiisha, kazi yako haijaisha

Hapa ndipo nilipokuwa nakuja tangu mwanzo.

Nilikuwa msichana bado, nimeanza kujulikana kidogo, ile hatua ambapo konda anakutazama mara mbili lakini nauli anakudai vilevile. Tulikuwa tunapiga filamu kwenye nyumba ya kukodi, sini ya dada wawili wanaogombania nyumba ya marehemu baba yao. Mimi mkubwa. Mdogo wangu alichezwa na binti aliyetoka kwenye kikundi cha maigizo ya jukwaani, hajawahi kuona kamera kwa karibu. Mkimya, mwenye adabu, anaamkia mpaka mbeba nyaya.

Jua lilikuwa linaondoka dirishani, kwa hiyo wakaanza na mimi. Yule binti akasimama pembeni ya kamera, haonekani, akanipa mistari yake kama vile anapigwa yeye. Akanililia. Alilia kwa ajili ya shoti ambayo hayumo! Na mimi kwa kumtazama machoni nikapata chozi moja zuri, likatoka lenyewe, likateremka taratibu mpaka kwenye kona ya mdomo. Mwongozaji aliposema "kata" watu wakakaa kimya, halafu wakapiga makofi. Nikaona nimeshafika.

Wakageuza kamera upande wake. Ilikuwa zamu yangu kusimama pembeni na kumlisha mistari. Nikasema kichwa kinaniuma. Kichwa hakikuwa kinauma, wanangu. Nilikuwa na njaa, na nje kulikuwa na chipsi mayai.

Wakaleta stendi ya taa, wakabandika kipande cha tepu nyeupe, wakamwambia, "Dada yako huyu hapa." Mistari yangu akaisoma kijana wa vifaa, ambaye alikuwa anasoma kama anatangaza matokeo ya mpira. "Nyumba. Hii. Hauuzi. Mpaka. Nife." Yule binti akajaribu. Nikiwa nje na sahani yangu mapajani, nilisikia "kata" ya kwanza, nikasikia ya pili, na zilivyozidi tukaanza kucheka na dada wa meikapu. Tulikuwa tunacheka kila ikisemwa "kata". Nikasema, na maneno hayo nayakumbuka vizuri kwa sababu niliyasema kwa sauti: "Watu wa jukwaani hawa, kamera hawaiwezi." Dirisha lilikuwa wazi. Alisikia, na kila aliyekuwemo mle ndani alisikia.

Jua likazama. Wakachukua walichopata.

Baadaye mhariri akaniita nikaone. Nikaenda nimevaa vizuri, nikijua nakwenda kuona chozi langu. Akaniwekea klozapu yangu, nzuri kweli. Halafu akaweka jibu la yule binti. Macho yake yalikuwa yanatazama juu ya kichwa changu, kwa sababu stendi ilikuwa ndefu kuliko mimi. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayejibu tangazo. Mhariri akazikata huku na huku, akajaribu kuziweka karibu, akajaribu kuficha kwa shoti ya mlango, wapi. Klozapu haisimami peke yake; inahitaji mtu wa kuijibu, na aliyetakiwa kujibu sikumpa kitu cha kujibu. Mwisho sini nzima ikawekwa ile shoti ya mbali, tukionekana mgongo na mbavu, sauti zinavuma. Chozi langu hakuna binadamu aliyeliona zaidi ya mimi na mhariri, na yeye alikuwa anakula karanga.

Binti hakuitwa tena. Kwenye skripti wakaandika kwamba mdogo mtu amesafiri kwenda Mwanza kwa shangazi, mpaka filamu ikaisha hajarudi. Miaka ilipita nikamkuta Kariakoo anauza vitenge. Akaniamkia, akanipunguzia bei, akaniuliza watoto hawajambo. Nilikuwa na nafasi ya kusema neno pale pale, mbele ya kitenge. Nikalipa, nikaondoka.

Sasa mtazameni Stanwyck mwaka 1939, kwenye *Golden Boy*. Yeye tayari ni staa, mwaka wa kumi Hollywood, ametoka kuteuliwa Oscar kwa *Stella Dallas*. Aliyewekwa kucheza naye ni kijana aitwaye William Holden, nafasi yake kubwa ya kwanza, anatakiwa awe bondia na hapo hapo mpiga fidla. Kijana anatetemeka, mistari inamponyoka, na wakubwa wa studio wameanza kuzungumza habari ya kumwondoa. Stanwyck akamkingia kifua, akawaambia wamwache. Kisha, kitu ambacho ni kigumu kuliko maneno, akawa anabaki naye baada ya kazi wanapitia sini za kesho yake. Mtu aliyekwisha maliza siku yake, meikapu imetolewa, gari linamsubiri, amekaa na mgeni wanarudia mistari.

Holden hakuondolewa, akawa mmoja wa waigizaji wakubwa wa Marekani, akapata Oscar yake kwa *Stalag 17*. Wenzetu wa Nanyuki wanamfahamu kwa njia nyingine, maana ndiye aliyeshirikiana na wenzake kuanzisha Mount Kenya Safari Club mwaka 1959. Kila mwaka alikuwa anamtumia Stanwyck maua kukumbuka filamu ile. Mwaka 1978 wakapanda pamoja jukwaa la Oscar kutoa tuzo ya sauti, na Holden, kabla ya kutaja washindani, akaacha maneno aliyoandikiwa, akawaambia watu kwamba bila huyu mama aliyesimama naye asingekuwa pale. Stanwyck alishikwa na mshangao, hakuwa amejiandaa. Holden akafariki Novemba 1981. Miezi michache baadaye, Stanwyck alipopewa Oscar ya heshima, akamtaja yeye, kijana wake wa dhahabu, kama jina la ile *Golden Boy*, aliyekuwa akimtakia tuzo hiyo siku zote, kwamba usiku ule matakwa yake yametimia.

Hakuwa hivyo kwa Holden peke yake. Mwaka 1952 kwenye *Clash by Night* alikuwepo Marilyn Monroe, bado anachipukia, anachelewa, anasahau mistari, teki zinarudiwa na waandishi wa habari wote wanamtaka yeye. Mwongozaji Fritz Lang hakuwa mtu wa subira. Stanwyck ndiye aliyekuwa na subira.

Kwa hiyo nikimkuta mtu ameondoka kwenye mwelekeo wa macho wa mwenzake eti kwake imeisha, msinishangae ninavyobadilika sura.

5. Mkataba

Usome mpaka mwisho, na usijifunge kwa mtayarishaji mmoja kama hujui anakupa nini. Enzi ambazo studio zilikuwa zinawafunga waigizaji miaka 7, Stanwyck alikuwa anazunguka Columbia, Warner, RKO na Paramount, na mwaka 1944 serikali ya Marekani ikamtaja kuwa mwanamke aliyelipwa zaidi nchini, karibu dola 400,000.

6. Mnaoogopa kucheza watu wabaya

Kuna binti amekataa nafasi ya hawara kwa sababu mama mkwe atamwonaje. Sikumlaumu sana, najua sokoni watu wanavyotutukana. Mimi nishawahi kunyimwa nyanya na mama aliyesema nimemtesa yatima. Yatima wa kwenye filamu!

Stanwyck naye alisita. Mwongozaji Billy Wilder alipompelekea *Double Indemnity*, nafasi ya mke anayepanga mumewe auawe ili apate fedha za bima, aliogopa kucheza muuaji baridi namna ile. Wilder akamuuliza yeye ni panya au ni mwigizaji. Akaichukua. Mwaka 1944 ikatoka, na mpaka leo ukitaja wanawake wabaya wa filamu za Marekani, huyo yupo mstari wa mbele. Tazameni usoni pake wakati mume anauawa kwenye kiti cha jirani ndani ya gari. Kamera haioneshi mauaji, inamtazama yeye anayeendesha. Hakukunja uso, hakutoa jicho. Nyie ningewaona mmeshauma meno.

Halafu lile wigi la rangi ya dhahabu. Kuna mkubwa mmoja wa Paramount alilitazama akasema amemlipia Barbara Stanwyck, mbona ameletewa George Washington, yule rais wao wa kwanza. Kweli ni wigi baya. Ila kwa mwanamke yule, ambaye kila kitu chake ni cha uongo, linakaa. Mkipewa wigi baya na sisi, hatukuwa na hoja hiyo, ni bajeti.

7. Hili msimwige

Kwenye *Forty Guns*, mwaka 1957, kulikuwa na sini ya kuburuzwa na farasi, mguu umenasa kwenye kikuku cha tandiko. Watu wa kazi hizo waliona ni hatari. Stanwyck, anakaribia miaka 50, akaifanya mwenyewe, na akairudia mpaka mwongozaji Samuel Fuller akaridhika. Watu wanaisimulia kwa sifa. Mimi siisifu. Mgongo wake ulishaumia kwa ajali ya farasi tangu miaka ya 1930 mwanzoni, na kwa maoni yangu mtayarishaji yeyote anayekubali mwigizaji wake aburuzwe anastahili kuburuzwa yeye. Huku kwetu bima ya seti ni maneno ya mdomo. Ukiambiwa uruke ukuta, uliza nani anakupeleka hospitali na kwa gari gani, ukiwa bado umesimama chini.

8. Tuzo na umri

Aliteuliwa Oscar mara 4 na hakushinda hata moja kwenye ushindani. Msinililie habari za tuzo za mtaani.

Filamu zilipoanza kumwishia, kama zinavyowaishia wanawake wote wa kazi hii, hakukaa akasubiri simu. Akahamia televisheni wakati mastaa wenzake wanaiona ni kushuka hadhi. Onesho lenye jina lake, la mwaka 1960 hadi 1961, lilimpa Emmy, tuzo ya televisheni ya Marekani, na likafutwa baada ya msimu mmoja. Mwaka 1965 akarudi na *The Big Valley*, mama mjane mwenye ranchi, vipindi 112 hadi 1969, Emmy nyingine. Mwaka 1983 *The Thorn Birds*, Emmy ya tatu, na miaka yake sabini na kitu. Mafundi walimwita Missy, kuanzia wa taa mpaka wa nyaya, na yeye aliwajua kwa majina. Nyie yule wa sauti anayeshika maiki ya mti mrefu mnamwita "oya bumu." Anaitwa nani yule? Mnijibu wiki ijayo.

Mkitaka pa kuanzia, anzeni na *The Lady Eve* ya 1941, ile sehemu ya mgahawa wa meli ambapo ameshika kioo cha mkononi, anawatazama kupitia kioo hicho wanawake wanavyomtega mwigizaji mwenzake, Henry Fonda, huku anatusimulia kila mmoja anafanya nini na atafeli vipi. Zimeni picha, sikilizeni sauti tu; kisha zimeni sauti, tazameni. *Stella Dallas* mtazame mwisho wake mkiwa mmekula. *Sorry, Wrong Number* ya 1948 ni kwa wale wanaosema hawana nafasi ya kuonesha uwezo: mwanamke, kitanda, simu. *Ball of Fire* iacheni kwanza. Imejaa lugha ya vijiweni ya Wamarekani wa enzi hizo, na kuna maneno mle ndani mpaka leo nacheka kwa sababu wengine wamecheka.